Kovu si kidonda: Jeep kuukuu ya Lucky Summer na historia tunayoipaka rangi

Kiswahili hakikunyimwa maneno ya kukitaja kitu kilichokula umri. Mtu akizeeka ni mzee, na neno hilo limejaa heshima kiasi kwamba hata kijana wa miaka thelathini akipata cheo huitwa hivyo. Akivuka hapo ni mkongwe. Nguo iliyochoka ni kuukuu. Kifaa kilichotumika hadi kikalegea ni chakavu. Nyumba iliyoachwa ikabaki kuta ni gofu. Gari nalo likifika huko tunaliita mkweche, na neno hili ukilitamka tu unasikia mabati yakigongana na kumwona utingo akishuka kusukuma.

Utazame vizuri mpangilio huo, mpenzi msomaji. Uzee wa mtu ni sifa, lakini uzee wa kitu ni aibu. Kitu kikizeeka, maneno yetu mengi hukielekeza kwenye jaa, au kwa fundi akakifanye kionekane hakijazeeka. Wahenga waliijua tamaa hii ya upya, wakaicheka: kipya kinyemi kingawa kidonda. Siku hizi methali hiyo tunaitumia kana kwamba inatuhimiza, ilhali inatuonya.

Swali langu wiki hii ni hili: tunakiitaje kitu kilichozeeka kwa kazi, kikabaki kizima, na ambacho thamani yake imo katika huko kuzeeka? Si swali la kamusi tu. Ninalo gari akilini, na jina tutakalolipa ndilo litakaloamua kama litakatwakatwa, litapakwa rangi au litaachwa lilivyo.

Gari lenyewe

Katika ploti moja ya Lucky Summer, mtaa unaopakana na Babadogo na Korogocho hapa Nairobi, imesimama Jeep ambayo nimekuwa nikiitazama kwa miaka kadhaa. Ni CJ-3B, aina iliyoanza kuundwa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1953. Utaitambua kwa boneti iliyoinuka kama paji la uso la mtu aliyeshangaa. Waundaji waliiinua kwa sababu injini waliyoitia ilikuwa na kimo kuliko ile ya awali. Ubavuni mwa boneti mmegongwa herufi za WILLYS. Namba ya usajili ni ya zamani, yaani herufi na tarakimu bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea leo.

Tangu itoke kiwandani haijapakwa rangi upya. Kijani chake kimefifia, na palipochomwa na jua pamekuwa kama majani ya chai yaliyokauka. Mlangoni, pale dereva anaposhika akipanda, rangi imekwisha kabisa na chuma kimetokeza, cheusi na laini. Sakafuni karibu na klachi kuna tundu lililozibwa kwa bati nene. Ukiinama utaona bati hilo lilikatwa kwenye pipa, maana mkunjo wa pipa bado upo. Nati nyingine ni za inchi na nyingine ni za milimita, kwa hiyo fundi akija sharti abebe spana za aina mbili.

Na nyuma ya kiti cha dereva, kwenye ukuta wa ndani, kuna mistari iliyokwaruzwa kwa msumari. Minne imesimama wima, wa tano unaikata kwa mshazari, kisha inaanza tena minne. Mtu alikuwa akihesabu kitu: magunia, madebe ya maziwa, au pengine safari. Wanawe mwenye gari wanasema baba yao, ambaye sasa ni marehemu, aliinunua ikiwa imeshatumika shambani miaka mingi, na mistari aliikuta.

Sasa ploti inatakiwa kujengwa ghorofa, na familia imepata washauri watatu. Wa kwanza ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alikuja na mizani yake na vijana wawili. “Mama, hii ni mzigo tu inakalia nafasi,” alimwambia mjane. “Nipatie leo, napima, nalipa, naondoa.” Wa pili ni fundi wa bodi mwenye gereji upande wa Kariobangi Light Industries. Yeye alizunguka gari mara mbili, akagonga hapa na pale kwa kidole, akasema, “Mathe, niachie wiki tatu pekee. Nikimaliza kupiga fila na kupuliza rangi, hutaijua. Itatoka mpya!”

Wa tatu ni mimi, niliyesema iachwe ilivyo. Mama alinitazama akacheka kidogo. “Sasa Mwalimu, ikiachwa hivyo itakuwa ya nini?”

Ni swali la haki, na makala haya ni jibu langu. Nitaanza na neno moja la yule fundi, maana alisema kweli kuliko alivyokusudia: hutaijua. Hapo ndipo penye tatizo.

Chombo kilichoundwa bila pambo

Ili kuelewa rangi mpya ingeondoa nini, turudi gari hili lilikotoka. Mwezi Julai 1940, vita vikiwa vimeshapamba moto Ulaya, jeshi la Marekani liliwaandikia watengenezaji 135 likitaka gari dogo, jepesi, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Masharti yalikuwa magumu: gari la mfano liwe tayari kwa siku 49. Kampuni ndogo ya American Bantam ya mji wa Butler, Pennsylvania, ikisaidiwa na mhandisi Karl Probst, ndiyo iliyotimiza ahadi. Tarehe 23 Septemba 1940 gari lilifika kwenye kambi ya majaribio. Lakini Bantam haikuwa na uwezo wa kuunda magari mengi, na jeshi likawapa kazi Willys-Overland na Ford. Kufikia mwisho wa vita mwaka 1945, zaidi ya magari 600,000 yalikuwa yametoka viwandani.

Injini ya Willys ya wakati wa vita ilikuwa na ujazo wa lita 2.2 na nguvu za farasi 60. Si nyingi, lakini zilitosha kupanda mlima uliomshinda nyumbu. Kila kitu mwilini mwake kilikuwa na kazi. Kioo cha mbele kililala juu ya boneti. Tangi la petroli lilikaa chini ya kiti cha dereva kwa kukosa nafasi kwingine. Madigadi yalikuwa bapa, na askari wakayageuza meza, kiti, hata altare ya padri. Baada ya vita Willys iliunda aina za kiraia, zile za CJ, kwa ajili ya wakulima, na humo ndimo ilimozaliwa Jeep ya Lucky Summer.

Gari la namna hii halikupambwa tangu mwanzo, kwa hiyo rangi mpya haliwezi kulirudishia urembo ambao halikuwa nao. Linaloweza kurudishwa ni ile siku moja lilipotoka kiwandani, kabla halijafanya kazi yoyote. Miaka yote iliyofuata, ambayo ndiyo maisha yake, itakuwa imefutwa ili siku hiyo moja ionekane.

Jina lake nalo lina kisa. Wengi husema Jeep ni mkato wa herufi G na P zilizotumika kwenye nyaraka. Lakini tangu Machi 1936 wasomaji wa katuni za Popeye, kazi ya E. C. Segar, walimjua mnyama wa ajabu aitwaye Eugene the Jeep, aliyeweza kutokea popote na kupita popote, na ambaye neno lake pekee lilikuwa hilo hilo, “jeep”. Mwezi Februari 1941 dereva wa majaribio wa Willys, Irving Hausmann, aliipandisha gari ngazi za Bunge mjini Washington mbele ya waandishi wa habari. Mwanahabari Katharine Hillyer alipoandika habari ile katika Washington Daily News, jina likaenea. Cha kuchekesha ni kwamba Segar, katika kueleza nasaba ya mnyama wake, alimchanganya na mbwa wa kubuni wa Afrika. Yaani jina lilikuwa na ndoto ya Afrika hata kabla gari halijakanyaga huku.

Lilipofika kwenye ndimi zetu lilidai irabu ya mwisho, kama yanavyodai maneno yote ya kigeni. Ukiiongeza kwa mazoea unapata jipu, na hapo unagongana na uvimbe wenye usaha. Tangu Rais John Magufuli aanze “kutumbua majipu” Tanzania mwishoni mwa 2015, hakuna anayeweza kusema ana jipu nyumbani bila kuchekwa. Ndiyo maana hapa nimeliacha kama lilivyoandikwa kwao.

Waliolishika usukani

Jeep na Waafrika Mashariki walifahamiana vizuri vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wazee wetu waliviita keya, vilipanuliwa sana, na vijana wengi walioingia jeshini waliwekwa kwenye usafiri na ufundi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, ikashuka bonde la Kabaw wakati wa mvua za masika ya huko, hadi kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Ardhi ilikuwa matope matupu. Malori makubwa yalizama. Katika vita vile vya Burma, Jeep zilibeba machela ya majeruhi, risasi na chakula, na kwingine zilivuliwa matairi zikawekwa magurudumu ya chuma, zikakimbia juu ya reli zikivuta mabehewa.

Lugha nayo ilisafiri. Askari waliotoka makabila mengi walizungumza Kiswahili chao cha kambini, Kikeya, ambacho walimu wa sarufi hawakukipenda. Lakini ndani yake maneno ya gari yalipata uraia: breki, gia, klachi, springi, spana, jeki. Mtu aliyerudi nyumbani mwaka 1946 akiwa na ufundi wa udereva alirudi pia na msamiati wake. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alikuwa mmoja wa waliopita Burma. Wengi wengine walirudi kimya kimya, wakaajiriwa kuendesha magari ya watu wengine. Maveterani Wazungu walitengewa mashamba katika nyanda za juu. Mwafrika aliyeendesha gari lile lile, kwenye matope yale yale, hakutengewa.

Majina yao yako wapi? Nenda Kenyatta Avenue, usimame mbele ya sanamu tatu za askari na mpagazi zilizowekwa mwaka 1928 kuwakumbuka waliotumika katika vita vya kwanza. Maandishi ya pale, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Soma tena na tena. Hakuna jina hata moja. Jina la wapagazi wale limebaki kwenye mtaa, Kariokor, ambalo ni Carrier Corps lililotamkwa kwa ulimi wetu. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wakitoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Jeep ya Lucky Summer haikwenda Burma. Iliundwa baada ya vita na kazi yake ilikuwa shambani. Lakini waliotumika nayo ni watu wa tabaka lile lile: dereva, mpakiaji, mkamuaji, fundi wa gereji ya kijijini. Daftari la shamba liliandika mapipa ya petroli na lita za maziwa, na jina la mwenye shamba juu ya ukurasa. Mtu wa msumari hakuwa na daftari. Aliandika alipoweza, kwenye bati nyuma ya kiti. Kwa mwanahistoria ile ni hati iliyoandikwa na mkono wa mfanyakazi mwenyewe, na fila ya fundi ingeisawazisha kwa dakika kumi.

Uzao mkubwa

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini Jeep na si Landrova, ambayo ndiyo iliyotawala barabara zetu za vumbi? Jibu ni kwamba hizi ni ndugu. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya jeshi kwenye shamba lake la kisiwa cha Anglesey, Wales. Alipoanza kuwaza gari la wakulima wa Uingereza, mfano wa kwanza ulijengwa juu ya fremu ya Jeep, na Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Toyota ilitoa gari la aina hiyo mwaka 1951, na mwaka 1954 ikalipa jina la Land Cruiser. Huko Bombay, Mahindra ilianza kuunganisha Jeep za Willys mwaka 1947 na ikaendelea na umbo lile kwa miongo mingi. Wakenya wanaoikumbuka miaka ya tisini wanaikumbuka Mahindra ya polisi. Walikuwa wakimtazama mjukuu wa Willys bila kujua.

Kwa hiyo tunapoliangalia gari hili tunaliangalia shina. Magari ya D.O., ya watalii wa Maasai Mara, ya madaktari wa Turkana, ya misheni na ya misitu, yote yana kitu kutoka hapa.

Kiraka na fila

Katika nchi zenye wakusanyaji wengi wa magari ya kale, mawazo yamebadilika. Zamani mtindo ulikuwa kulivua gari hadi mifupa na kulirudisha liking'aa kuliko lilivyotoka kiwandani. Siku hizi wengi wanatafuta gari ambalo halijaguswa, lenye rangi yake ya kwanza hata kama imebabuka. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, na moyo wa mkataba huo ni kwamba kulihifadhi gari lilivyo ni bora kuliko kulitengeneza upya, na mabadiliko yoyote yawe machache iwezekanavyo. Hoja ni rahisi: rangi mpya unaweza kupaka wakati wowote, ila rangi ya kwanza ukiiondoa hairudi.

Hapa Nairobi tunayo mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970 na ambayo yamezoeleka katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari yanayoletwa pale hung'arishwa hadi chini ya tumbo, na majaji huinama kutazama. Ni sherehe nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini sherehe ya usafi haiwezi kuwa kipimo pekee cha kukumbuka. Tazama Gede, karibu na Malindi. Mji ule wa Waswahili ulihamwa karne kadhaa zilizopita, na mwaka 2024 ukaingia kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Kuta zake zimeshikizwa zisianguke, lakini hakuna anayetaka kuuezeka msikiti wake kwa mabati na kuupaka rangi nyeupe ili “utoke mpya”. Tukifanya hivyo tutapata jengo na kupoteza Gede.

Tusichanganye mambo, hata hivyo. Lile bati la pipa sakafuni pia ni ukarabati. Lilifanywa na fundi ambaye hakujali asili wala mkataba. Mbona silipingi? Kwa sababu kiraka cha pipa kiliwekwa ili kazi iendelee kesho, na fila huwekwa ili kazi ya jana isionekane. Kiraka kinasema: hapa palitoboka, nami nikapaziba kwa nilichokuwa nacho. Nati ya milimita kwenye shimo la inchi inasema: vipuri vya Marekani vilikosekana, tukatumia vya Japani. Huo ni uchumi wa Kenya katika nati moja. Jua kali yetu, kabla haijapewa jina hilo wala kutajwa kwenye sera za serikali, iko pale sakafuni.

Pingamizi la Eastlands

Lakini naisikia sauti ya msomaji wa mtaani: “Mwalimu, haya ni mambo ya matajiri bana. Sisi tukiwa na kitu kikuukuu si kwa kupenda.” Ni kweli. Mtu anayeishi Runda akiegesha gari lililobabuka watu husema ana ladha. Anayeishi Lucky Summer akifanya hivyo husemwa amefilisika. Kwetu upya ni heshima. Tazama matatu zetu: nganya ikitoka kwa mchoraji huzungukwa na watoto, na baada ya mwaka mmoja au miwili hupakwa tena, maana mchoro wa mwaka jana ni wa kizamani. Siwezi kumlaumu mama anayetaka ploti yake ipendeze.

Kuna pia pingamizi la chuma chenyewe. Kutu haina heshima kwa historia. Gari likiachwa kwenye mvua linaliwa, na wanaonunua vyuma vikuukuu wanaijua thamani ya kila kilo. Mwezi Januari 2022, baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa, serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa, na kwa muda huo mfupi mikokoteni ilinyamaza. Iliporudi ilirudi na njaa. Vitu vingi vilivyoundwa kwa mikono ya baba zetu vimepita mizanini kwa njia hiyo bila hata kupigwa picha.

Hapa ndipo lugha inapotusaidia kufikiri sawasawa, kwa kututenganishia kovu na kidonda. Kidonda kiko wazi, kinatoa damu, kisipotibiwa kinaua. Kovu ni kidonda kilichopona kikaacha ushahidi. Kutu inayokula fremu ni kidonda, itibiwe: ikwanguliwe pale tu ilipo, ipakwe oili, gari liwekwe chini ya paa. Rangi iliyofifia, mlango uliolainishwa na viganja, kiraka cha pipa na mistari ya msumari ni makovu. Hakuna daktari anayemkata mgonjwa ili kumwondolea kovu lisilomwuma. Anayesema gari liachwe lilivyo hasemi litelekezwe, na anayelitibu kutu hajalazimika kuliondolea makovu.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii wasiridhike na kitenzi kimoja. Kutengeneza ni kukifanya kitu kitumike. Kukarabati ni kukirudishia uimara. Kurejesha ni kukirudisha katika hali ya siku fulani iliyochaguliwa, na lazima tuulize ni nani aliyeichagua siku hiyo. Kuhifadhi ni kukizuia kisiharibike zaidi, pamoja na yote yaliyokipata. Kwa fundi wetu, vitenzi hivi vyote vinne huishia kwenye bomba la rangi.

Lugha isiyopakwa rangi

Sisi wa ukumbi huu wa lugha tuna sababu nyingine ya kulionea huruma gari hili. Kiswahili chenyewe kiko hivyo hivyo. Taja sehemu za gari uone. Gari ni neno la Kihindi. Usukani ni wa mabaharia: ulikaa nyuma ya jahazi kabla ya kuhamia mbele ya dereva, na asili yake ni Kiarabu. Karakana ilitoka Uajemi. Breki na gia ni za Mwingereza. Kutu ni yetu wenyewe. Nati za inchi na nati za milimita, zote kwenye chombo kimoja, na chombo kinakwenda.

Wapo waliotaka kukipaka rangi moja. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaanza kazi ya kusawazisha. Tulipata faida kubwa: vitabu, shule, na gazeti unalosoma sasa. Lakini Kimvita na Kiamu vilisukumwa pembeni, na Kikeya kikachekwa hadi wazee wakaona haya kukisema. Mwana wa keya aliyefundishwa shuleni kwamba baba yake “anaharibu Kiswahili” alipewa rangi mpya, na alipoteza mistari ya msumari.

Na ni lugha hii hii iliyonipa jibu la swali nililoanza nalo. Nilisema mkongwe ni neno la binadamu. Lakini wenzetu wa Unguja walilichukua wakaupa mji. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, hauitwi mji mkuukuu wala mji chakavu, ingawa kuta zake za matumbawe zimebabuka na milango yake imepasuka. Waliupa neno la mtu anayeheshimiwa pamoja na mikunjo ya uso wake. Basi tusihangaike kubuni. Gari lililokufa kwa uzembe na liwe mkweche. Gari lililozeeka kwa kazi likabaki zima ni gari kongwe. Hiyo ya Lucky Summer ni Jeep kongwe, na mkongwe hapakwi poda ili afanane na mtoto.

Kwa hiyo Mama, uliuliza itakuwa ya nini. Kwanza, ile mistari ipigwe picha na ihesabiwe, mmoja mmoja, kabla mtu yeyote hajaja na fila. Pili, wanao waketi na wazee waliofanya kazi shamba lile, kama wapo walio hai, wawaulize kilikuwa kikihesabiwa nini na nani aliyekuwa akipakia. Tatu, ghorofa lijengwe, maana watu sharti wakae mahali, na Jeep isogezwe kwa ndugu mwenye uwanja, iwekwe chini ya mabati sita, ipakwe oili kila msimu wa mvua. Mabati sita si gharama ya makumbusho. Na yule mnunuzi akirudi na mizani yake, mwambie chuma atakachopima kina maandishi, na hujamaliza kuyasoma.